Makapi ya Kiongozi

Nilichofanya ni hiki, na nakisema mapema kabla sijapata nafasi ya kukipaka sukari: nilijificha nyuma ya banda la ng'ombe wetu, nikaweka mdomo kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililotolewa kitako, nikawa Balozi.

Balozi wetu wa nyumba kumi pale Rau ana sauti inayoomba kuigwa. Huanza na kikohozi, halafu husema "Wananchiii," halafu husahau alichokuja kusema, hukohoa tena mpaka kimrudie. Nilikuwa namuiga tangu darasa la nne, namweza mpaka pumzi ya puani. Basi jioni ile nikakohoa. "Wananchiii! Kesho asubuhi mgambo watapita nyumba kwa nyumba. Mwenye kitu cha magendo, mwenye kitu cha nje kisicho na risiti, huyo ni mhujumu, na atakwenda kunyea debe. Nimesema!" Nikakohoa cha kufungia. Nikatupa kopo kwenye majani, nikaenda kumkatia ng'ombe malisho kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Ulikuwa mwaka ule wa msako wa walanguzi. Mjini Moshi watu walikuwa wanatupa vitambaa vya madukani mitaroni kwa woga, na mtu akiwa na sabuni mbili alioga kwa kujificha. Kwa hiyo hakuna aliyecheka. Jirani mmoja alifukia sabuni zake chini ya kuku anayeatamia, kuku akasusa mayai. Mwingine alificha mafuta ya taa ndani ya pipa la mbege, na mume wake hakujua mpaka alipokunywa. Likizo ilipoisha hadithi hizo nilizipeleka shule, nikawa mfalme wa bweni wiki nzima.

Ya mpangaji wetu sikuipeleka.

Mtaani wote walimwita Kiongozi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sijui, na hakuwa mtu wa kuulizwa. Hakuwa Mchaga, hilo lilijulikana, kwa sababu alikula mtori, supu yetu ya ndizi, kwa kijiko kidogo kama dawa. Alikuja huku na kazi za kiwanda cha sukari, kama watu wengi wa kuja. Baba yangu yuko kiwandani mpaka leo, anatengeneza sukari mwezi mzima na nyumbani tunakunywa chai ya chumvi. Walijuana huko, na ndivyo Kiongozi alivyopata chumba cha uani kwetu, kile kinachotazama migomba.

Alikuwa kiongozi wa bendi. Bendi yenyewe haikuwepo tena, lakini cheo kilibaki. Siku moja kwenye mkutano wa hadhara mgeni kutoka wilayani alisema, "Viongozi wote wapite mbele." Kiongozi akainuka na koti lake lililopauka, akapita mbele, akaketi kati ya Balozi na katibu wa kata. Wakamtazama. Naye akawatazama. Akanywa soda yao. Nilipomuuliza baadaye kama hakuona aibu, alinijibu, "Mimi nimewachezesha watu wakalala saa nane. Wale wamewalaza watu saa tano asubuhi. Nani kiongozi?"

Muziki wao ulikuwa roki. Ndiyo, roki, hapahapa Moshi, miaka ile Azimio la Arusha likiwa bado jipya. Gita la umeme alilinunua kwa mtoto wa mzungu mmoja wa shamba la kahawa, siku wazungu wale walipokuwa wanafunga mizigo. Nilipomjua mimi, kikuza sauti chake kilishakufa, na nyuzi mbili kati ya sita zilikuwa waya wa breki ya baiskeli. Gita la umeme lisilo na umeme lina sauti ya panzi aliyenaswa kwenye kiberiti. Alilipiga hivyo hivyo, kila asubuhi, akiwa amefumba macho, kana kwamba ukumbi mzima unamsikia.

Roki ilikuwa haitakiwi. Ilisemwa ni muziki wa kigeni unaoharibu vijana. Kiongozi alikuwa mjanja, akapachika maneno ya siasa juu ya magita. Wimbo wao uliopendwa kuliko yote, uliopigwa Marangu na Machame mpaka vumbi likafika darini, ulikuwa unawahimiza wakulima kupulizia kahawa dawa ya mrututu. Fikiria mwenyewe: gita linalia kama nguruwe aliyebanwa na lango, dramu zinapasuka, na kijana aliyefunga kitambaa kichwani anapiga kelele, "Pulizia! Pulizia! Chini ya jani pulizia!" Bwana Shamba alicheza mpaka akapoteza kiatu. Hayo sikuyaona, nilikuwa mtoto wa mgongoni. Niliyasikia kwenye kanda.

Kanda hizo ndizo zilizonileta chumbani mwake. Alikuwa nazo sanduku zima la bati, za yale magurudumu makubwa kama sahani, na tepurekoda moja nzito ya kuzichezea. Nyingine alizirekodi mwenyewe kumbini, kipaza sauti kimoja kimefungwa juu ya nguzo. Kwa hiyo ndani unasikia bendi, unasikia pia mtoto analia, mlevi anadai wimbo mwingine, mwanamke anamwambia mtu "niachie mkono wangu." Nyingine zilitokana na siku mafundi mitambo wa redio walipokuja Moshi na gari la kurekodia. Walirekodi bendi siku nzima, wakachagua nyimbo zilizotoka safi, wakaenda nazo Dar es Salaam, na huo ukawa mwisho wa kuzisikia. Vipande vilivyoharibika, mtu amekosea, uzi umekatika, mwimbaji amecheka, hivyo walivikata wakataka kutupa. Kiongozi akaviokota sakafuni. Aliviita makapi.

"Ngano walichukua wao," alisema. "Makapi ni yangu. Na ukitaka kujua shamba lilikuwaje, tazama makapi."

Alikuwa anatengeneza kanda moja kubwa: nyimbo bora za kumbini, na makapi katikati, vipande vimeunganishwa kwa mpangilio aliokuwa akiubadili kila Jumamosi. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa miaka mingi. Siku utakapofunguliwa, alisema, angevuka nayo hadi Nairobi, wakaichape santuri, upande wa kwanza na wa pili. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Kiwandani alishaacha, kifua kilikuwa kinamsumbua, na siku nyingine alitengeneza redio za watu ili apate kula. Lakini ukimuuliza anafanya nini, alijibu, "Naunganisha."

Aliunganisha kwa wembe na plasta ya zahanati. Wembe ulikuwa mmoja, maana nyembe nazo zilikuwa zimeadimika kama kila kitu. Siku akikata kanda hakunyoa, na siku akinyoa kanda ilipumzika, kwa hiyo ungeweza kujua kazi imefika wapi kwa kutazama kidevu. Betri zilipochoka alizianika juu ya bati kama dagaa, zikapata uhai wa nusu saa. Baadaye akapata betri mpya za njia za panya, kutoka Taveta, upande wa Kenya, akazificha kwenye soksi. Nazitaja hizo betri kwa sababu zina kesi huko mbele.

Mimi nilikuwa mshika gurudumu. Alinichukua kwa sababu siku moja alinisikia nyuma ya ukuta nikimuiga mama yangu anavyomfukuza jogoo, akatoka akidhani ni mama mwenyewe. Akasema, "Una masikio. Huna akili, lakini una masikio. Njoo." Tangu siku hiyo akaniita Kasuku.

Usidhani alikuwa mzee mpole. Alikuwa mkali kama pilipili ya Wahindi. Kuna mpiga gita alimfukuza katikati ya dansi kule Marangu kwa kukosea sauti moja. Alimshusha jukwaani mbele ya mchumba wake, na kijana akateremka mpaka Moshi kwa miguu, gita begani. Sasa, ile sauti iliyokosewa imo kwenye kanda. Kiongozi alikuwa akifika hapo anairudisha, anaisikiliza tena, anatikisa kichwa kwa mapenzi.

"Umesikia? Kijana alikuwa na moyo yule."

"Mbona ulimfukuza, Kiongozi?"

"Alikosea."

"Lakini si ndiyo unapenda kusikiliza?"

"Wewe Kasuku, kupenda ni kupenda, na kazi ni kazi."

Alikuwa na msemo aliowapa wanabendi wake: ukikosea, kosea kwa nguvu, wasikilizaji wadhani umekusudia. Nami niliuchukua, nikautumia kwenye mtihani wa hesabu. Haufanyi kazi kwenye hesabu.

Na mama? Mama ni Mlutheri wa Machame, kwake gita lolote lililozidi tenzi tatu za kanisani ni ugomvi. Alikuwa akimpelekea Kiongozi bakuli la mtori, anasimama mlangoni bila kuingia, anasema, "Kiongozi, punguza hizo kelele. Ng'ombe hatoi maziwa."

"Mama, ng'ombe wako hana mdundo."

"Ana ndama, inamtosha."

Ndiyo mazungumzo yao, miaka yote, hayakuzidi hapo. Lakini bakuli lilikwenda, na bakuli lilirudi limeoshwa.

Sasa niseme jinsi alivyosikiliza, kwa sababu bila hili hutaelewa kitu. Wewe na mimi tukisikiliza redio tunaitazama. Kiongozi alibonyeza kitufe, akageuka, akasimama ameukabili ukuta, tepurekoda iko mgongoni mwake. Nilidhani ni maringo. Siku moja nikamuiga, nikasimama ukutani sambamba naye, mikono kiunoni. Hakucheka. Alisema, "Jukwaani mpiga dramu hukaa nyuma ya kiongozi. Mimi sikuwahi kumwona akipiga. Nilimsikia tu. Mgongoni."

Mpiga dramu alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alipigana vita vya Uganda, hakurudi. Walileta habari, hawakuleta mwili. Hana kaburi hapa, hana kwao. Kiongozi hakuwa na picha yake hata moja, maana picha za bendi ziliharibika kwenye mvua kambini kiwandani. Alikuwa naye kwenye kanda tu, sehemu mbili.

Ya kwanza ni ya ukumbini. Vijana wa chama waliingia dansi likiwa limepamba moto, wana chupa ya soda: suruali ya mtu isipopitisha chupa mguuni, inachanwa. Unasikia kwenye kanda, "Zima! Zima muziki!" Gita linakatika. Besi inakatika. Watu wanapiga mayowe. Na dramu zinaendelea. Peke yake yule kijana, anapiga tu, kama hajasikia, au amesikia sana. Baadaye kuna kishindo, na kanda inakuwa tupu. Vijana wale walichukua kanda nyingine mbili usiku ule wakazikatakata kwa mkasi mbele ya Kiongozi. Hilo alinisimulia mara moja tu, huku anakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakaza.

Ya pili ni makapi ya gari la kurekodia. Uzi wa gita unakatika, *twang*. Kimya. Kisha yule mdogo anakohoa kidogo, anacheka kwa pua, anasema, "Kaka, umechelewa tena." Vijiti vinagongana. Kisha anauliza, "Kaka, tuanze?" Hapo fundi mitambo alikata. Jibu la Kiongozi halimo. Nilimuuliza alijibu nini siku ile. Alisema hakumbuki.

Kila Jumamosi, akishapanga na kupangua, alimalizia kwa kile kipande. Uso ukutani. "Kaka, tuanze?" *Tik.* Halafu sauti ya gurudumu tupu, likizunguka.

Basi. Turudi kwenye kopo langu.

Jioni ile niliyokuwa Balozi, Kiongozi alikuwa chumbani. Alisikia "vitu vya nje." Alikuwa na betri za Taveta. Alikuwa na kanda ambazo maboksi yake yote yana maandishi ya nje. Na alikuwa na ule mkasi kichwani. Angeweza kufukia betri peke yake. Lakini mtu aliyewahi kuona kanda zake zikikatwa haachi kanda kitandani.

Wenyeji wote siku hiyo walificha vitu sehemu za wenyeji: darini, kwenye samadi, chini ya kuku. Kiongozi hakujua mambo ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Miaka yote hakushika jembe. Alitafuta mahali ambapo udongo ni laini na hautaonyesha umechimbwa, akapaona: mtaro mkavu unaopita katikati ya migomba yetu. Alilichimbia sanduku humo, akafukia, akasawazisha kwa kiganja, akalala.

Ule si mtaro. Ni mfongo. Maji yake yanatoka juu mlimani, na kila nyumba ina zamu. Mtoto wa Kichaga anajua zamu ya nyumba yao kabla hajajua kuvaa suruali. Ulikuwa mkavu kwa sababu maji yalikuwa kwa wengine. Kesho yake ilikuwa zamu yetu.

Mama ndiye aliyefungua. Aliamka, akapanda juu kwenye tundu la kugawia maji, akatoa kizibo cha shina la mgomba na mawe yake, maji yakashuka. Mimi nilikuwa nyuma yake na jembe, nacheka moyoni, nawaza sura ya jirani na kuku wake.

Kiongozi alitoka kwa sauti ya maji. Alikuwa na bukta na shuka begani. Akasema, taratibu kabisa, "Mama, haya maji yametoka wapi?"

"Ni zamu yetu, Kiongozi. Umeamkaje?"

Kiongozi alitembea mpaka kwenye mfongo, akaingia, akapiga magoti ndani ya maji, akaanza kuchimba kwa mikono. Mama akadhani amerukwa na akili, akamwita Mungu kwa Kichaga. "Ruwa wangu! Kiongozi! Kuna nini?" Akasema, "Mdogo wangu." Hilo tu. Mama alipandisha kitenge, akaingia, akachimba naye. Mimi nilisimama na jembe. Nilikuwa nimeelewa kabla ya wote wawili: ni lile kopo langu.

Sanduku lilitoka limejaa uji wa kahawia. Siku nzima ilikuwa ni kuanika. Kanda zilitundikwa kwenye kamba za nguo, kwenye migomba, juu ya banda la ng'ombe, utepe mrefu unaometameta na upepo. Mpita njia angedhani kuna harusi. Nyingi zilikuwa zimegandana, ukizifungua zinakatika vipandevipande. Lakini ile ya makapi ilitoka nzima, ina matope tu. Akaomba kitambaa. Mama akampa kipande cha kanga nyeupe. Akakichovya kwenye mafuta ya taa, kama alivyozoea kusafishia mashine, akaubana utepe katikati ya vidole, akavuta polepole, polepole, kuondoa tope.

Tope lilitoka. Na ile rangi ya kahawia inayobeba sauti ikatoka nayo, yote, ikabaki kwenye kitambaa. Mkononi akabaki na utepe mweupe, unaona jua kupitia ndani yake. Aliuinua, akautazama. Akatazama kitambaa. Akakikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka mfukoni, mafuta na kila kitu.

Mchana Balozi alikuja, amefura. Akasimama katikati ya uwanja wetu, akakohoa. "Nani," akasema, "jana amekuwa mimi?"

Mtaa mzima una mtu mmoja tu anayeweza kuwa Balozi. Mama aligeuka kunitazama. Kiongozi naye aligeuka. Nilitegemea kofi, na nilikuwa nimeshakaza shingo. Kiongozi alisema kwa sauti yake ya kawaida ya Jumamosi, "Kasuku. Umekosea kwa nguvu." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikwenda pembeni ya kihamba, kwenye uzio wa masale, akakata ncha moja ya isale yenye majani yake, akanipa. Kwetu isale haibishiwi. Mtu ukimkosea, hata damu ikimwagika, ukimpelekea isale ni lazima asamehe. Akikataa, laana inamrudia yeye. Nilimpelekea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Kiongozi."

"Marahaba. Hili la nini? La kupika?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, nikaongeza na habari ya laana. Alisikiliza mpaka mwisho, akiligeuzageuza lile jani.

"Kwa hiyo mwenye kuletewa hana uwezo wa kukataa?"

"Hana, Kiongozi."

"Kwetu hili jani halipo," alisema. "Kwetu mtu anaweza kukataa."

Lakini hakulitupa. Alilitia kwenye chupa ya maji, akaiweka dirishani, na kunifungulia mlango nitoke.

Baada ya hapo, nikimwamkia, aliitika marahaba. Zaidi ya hilo hakuna. Hakuwa amenuna. Alikuwa kama redio isiyo na betri. Gita lile la panzi halikusikika tena asubuhi, na mama, aliyelalamika miaka yote, siku moja nilimkuta amesimama na ndoo ya maziwa akitazama mlango wa uani, anausikiliza ukimya. Mwaka haukuisha, mpaka wa Kenya ukafunguliwa. Mtaa mzima ukamiminika Taveta, wakarudi na siagi na sabuni na betri mpya kabisa, halali. Jirani wa kuku alimletea Kiongozi betri nne kama zawadi. Alizishukuru, akazipanga dirishani karibu na chupa ya isale. Hakuzitia popote. Hakuenda Nairobi. Angeenda na nini?

Niliporudi likizo mwaka uliofuata, mama alinipokea mkoba, hakusema karibu. Alisema, "Mpangaji anakuulizia."

Kifua kilikuwa kimemmaliza. Hospitali walishamrudisha, wakisema akapumzike nyumbani, na kila mtu anajua maana yake. Kitandani alikuwa mdogo kama mtoto, ndevu nyeupe zimejaa, maana wembe ulikuwepo lakini hapakuwa na kazi wala sababu ya kunyoa. Dirishani isale ilikuwa imeota mizizi, mirefu, imejaa chupa nzima. Lile sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda.

"Shikamoo, Kiongozi."

"Marahaba, Kasuku. Masikio yapo?"

"Yapo."

"Kaa."

Nikalivuta sanduku, nikakaa juu yake. Alipumua kwa muda, kila pumzi inakwaruza kama mlango. Halafu akasema, "Nifanyie makapi."

Nilimwelewa mara moja. Nilijifanya sijaelewa. "Yapi, Kiongozi?"

"Usinichezee. Sina muda."

Kuigiza nimeigiza walimu, mapadri, wabunge wa redioni, sijawahi kuogopa mpaka siku ile. Alianza kujigeuza kitandani, ikachukua muda, nikataka kumsaidia, akakataa. Aligeuka mpaka uso ukakabili ukuta. Mimi nikabaki mgongoni mwake.

Nikafanya uzi, *twang*. Nikaacha kimya. Nikasema, "Kaka, umechelewa tena."

"Hapana," alisema ukutani. "Alikohoa kwanza."

Nikarudia na kikohozi.

"Hicho ni cha Balozi. Tena."

Nikarudia. Kikohozi kidogo, cha kijana mwenye afya, cheko la puani.

"Umewahi mno. Mpe nafasi. Tena."

Tulirudia na kurudia, kama wale mafundi mitambo, na kila nilipoharibu alisema tena, bila ukali. Nilishika vijiti viwili vya kuchochea moto vilivyokuwa karibu na jiko lake la mkaa. Nilifumba macho, nikaisikia ile kanda, chumba hiki hiki, Jumamosi, kidevu hakijanyolewa. Nikakohoa. Nikacheka kwa pua. "Kaka, umechelewa tena." Nikagonga vijiti. "Kaka, tuanze?"

Nikasubiri aseme tena. Hakusema. Mabega yake yalikuwa yametulia kabisa, nikadhani amekwenda. Kisha akasema, na sauti haikuwa ya mgonjwa, ilikuwa ile ya jukwaani:

"Anza."

Nikaanza. Sikuwa najua kupiga dramu, lakini mdundo ule nilikuwa naujua kuliko jina langu. Nilipiga juu ya sanduku tupu la bati, machozi yananichuruzika na siwezi kuyafuta kwa sababu mikono ina kazi, na kule ukutani niliona vidole vya mkono wake wa kushoto vikitembea juu ya blanketi, vinabana nyuzi ambazo hazipo. Nilipokosea, nilikosea kwa nguvu. Nilipiga mpaka vidole vile vikaacha kutembea, na baada ya hapo nikapiga zaidi kidogo, peke yangu.

Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni na bakuli la mtori. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Safari hii aliingia. Aliweka bakuli chini, akamshika Kiongozi shingoni, akangoja, akamvutia shuka mpaka juu. Akanishika mkono, tukatoka. Tulivuka uwanja, tukapita mfongo, ulikuwa na maji ya watu wengine yakienda chini. Hapo akasimama, hakunitazama, akasema:

"Mimi nikifa, usije ukaniigiza."